Lugha ya Mgonjwa Ndiyo Mlango wa Tiba: Utafiti wa Afya ya Akili na Manufaa Yake kwa Karagwe na Kyerwa

Hadhi ya chuo kikuu cha tiba aghalabu hupimwa kwa wingi wa makala ambazo wanazuoni wake wamechapisha. Kipimo hicho kina nafasi yake, lakini hakimsaidii mgonjwa anayefika zahanati ya kijijini mara ya nne, akilalamika kwamba moyo unamwenda mbio, usingizi umempotea na mwili hauna nguvu, huku kila mara kipimo cha malaria kikionyesha kuwa hana vimelea. Kwake, utafiti una thamani pale tu unapombadilishia swali analoulizwa na mhudumu.

Wagonjwa wengi wa sonona hawasemi kwamba wana huzuni. Husema moyo unauma, au mawazo yamewazidi. Jambo hili lilishughulikiwa mapema na watafiti wa Muhimbili, chuo kilichoanza mwaka 1963 kikiwa shule ya tiba ya Dar es Salaam na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Mwaka 2002, Profesa Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha matokeo ya kupima usahihi wa dodoso la kigeni la dalili za sonona miongoni mwa wajawazito wanaoishi na VVU nchini. Mwaka 2008 walikwenda mbali zaidi kwa kuchapisha dodoso la hapa nchini lenye vipengele 19, lililozingatia namna Watanzania wenyewe wanavyoieleza dhiki yao.

Ushahidi mwingine ulipatikana karibu zaidi na Kagera. Katika wilaya za Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, Paul Bolton na wenzake walianza kwa kuwasikiliza wanavijiji. Waligundua kuwa jamii ilikuwa na majina yake ya maradhi yanayofanana na sonona: moja lilihusu kujichukia, jingine kujihurumia. Ndipo wakaandaa tiba ya mazungumzo katika vikundi, iliyoongozwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo ya wiki mbili. Wanavikundi walikutana mara moja kwa wiki, kwa wiki 16. Kabla ya tiba, zaidi ya watu wanane katika kila kumi, kwa pande zote mbili zilizolinganishwa, walikuwa na vigezo vya sonona. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa miongoni mwa waliopata tiba walibaki asilimia 6.5, na miongoni mwa wasioipata asilimia 54.7. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hiyo ya vikundi.

Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, zina sababu ya kuyatazama matokeo hayo kwa makini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na misiba iliyofuata iliacha wajane, yatima na mabibi wanaolea wajukuu. Mwaka 1994 Karagwe ilipokea wakimbizi kutoka Rwanda. Dhiki ya namna hiyo haiwezi kumsubiri daktari bingwa aliye mbali.

Mhudumu wa afya anaweza kuanza leo. Mgonjwa anayerudi mara kwa mara na malalamiko yasiyopata maelezo aulizwe, faraghani, kama kwa wiki mbili mfululizo amekosa raha au hamu ya mambo aliyoyapenda. Usingizi na hamu yake ya kula vikoje. Na kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hili la mwisho halimtii mtu wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kusema. Anayekiri asiachwe peke yake, na apewe rufaa siku hiyo hiyo.

Mgonjwa naye ajue kwamba sonona si laana wala uvivu. Inatibika, na dawa iliyoandikwa na daktari isikatishwe bila ushauri wake.

Wajibu wa vyuo bado haujakamilika. Dodoso lililothibitishwa Dar es Salaam haliwi sahihi kwa bibi anayezungumza Kinyambo kwa sababu tu limefasiriwa. Ni lazima kwanza aulizwe yeye anasemaje pale omutima, yaani moyo, unapomlemea. Jibu lake ndilo mwanzo wa utafiti unaofuata.