Eastlands Haishangilii Taji Bure

Ibada ya kumtawaza Charles III ilipoanza kule Westminster Abbey, Mei 6, 2023, hapa Nairobi ilikuwa saa saba mchana, siku ya Jumamosi. Vinyozi wa Eastlands walikuwa na wateja tele, na televisheni zao zilikuwa zikionyesha London. Aliyekaa kitini akinyolewa hakuweza kugeuza shingo, kwa hiyo wenzake kwenye benchi walimsimulia: farasi hao, gari la dhahabu lile, sasa Rais Ruto na mkewe wako ndani ya kanisa. Wengine walivutiwa kweli. Gwaride la maelfu ya askari wanaokanyaga kwa mguu mmoja ni kitu cha kutazamwa, na sioni haya kukiri uzuri wake.

Lakini maswali hayakukawia. Gharama hiyo analipa nani? Mfalme aliposhikishwa fimbo yenye Cullinan I, almasi ya karati 530, kuna aliyekumbusha kwamba jiwe hilo lilichimbwa Afrika Kusini mwaka 1905. Hapo mjadala ukahama, ukawa wa ardhi, wa mashamba ya chai, na wa wazee waliopigwa kambini enzi za Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni. Unga ulikuwa ghali wakati huo, na mtu anayehesabu shilingi za kibaba hatazami dhahabu ya mwenzake akanyamaza.

Wanaodhani maswali hayo ni fitina za mitandaoni hawaijui historia ya mitaa hii. Machi 30, 1950, Duke wa Gloucester, nduguye Mfalme George VI, alikuja kuikabidhi Nairobi hati ya kifalme ya kuwa jiji. Mji ulipambwa, bendera zikapepea. Upande wa Eastlands, wafanyakazi walikuwa wamebanana vyumbani Pumwani na Shauri Moyo, wakitawaliwa na baraza ambalo hawakulipigia kura. Chama cha wafanyakazi cha East African Trade Union Congress, kilichoongozwa na Fred Kubai na katibu wake Makhan Singh, kikawataka watu wasusie sherehe. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: kuna Nairobi mbili, ya matajiri na ya maskini, na hati ile imeletewa moja tu. Juu ya hayo, Waafrika wengi walihofu kwamba jiji lingepanua mipaka na kumeza ardhi yao.

Hata mwezi haukuisha. Aprili 23, katika ukumbi wa Kaloleni, mkutano wa pamoja wa chama cha Kenya African Union (KAU) na chama cha Wahindi ulimsikiliza Makhan Singh akitoa hoja kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru mara moja. Ukumbi wenyewe ungali pale, katikati ya nyumba za mawe za mtaa huo, na kwangu una heshima kuliko ikulu yoyote. Mei 15, Kubai na Makhan Singh walikamatwa. Kesho yake wafanyakazi wa Nairobi waligoma. Makhan Singh hakuachiliwa mpaka 1961.

Elizabeth alipotawazwa Juni 2, 1953, Kubai alikuwa tayari amehukumiwa na mahakama ya wakoloni kule Kapenguria pamoja na Kenyatta, Kaggia na wenzao. Siku sita baadaye KAU ikapigwa marufuku. Mwaka uliofuata, Aprili 24, Operesheni Anvil, msako wa serikali ya kikoloni, ikazingira jiji. Wanajeshi waliingia mitaa hii nyumba kwa nyumba, maelfu wakapakiwa malori hadi kambini Lang'ata, kisha Manyani na Mackinnon Road. Familia nyingi za Eastlands zinaijua familia ya malkia kwa njia hiyo, na ndiyo maana taji linapong'aa kwenye runinga, kuna mzee anayeinuka akaenda zake.

Charles mwenyewe alikuja Kenya mwishoni mwa Oktoba 2023. Alitembelea bustani ya mboga iliyo kando ya Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, na siku iliyofuata makaburi ya askari pale Kariokor, ambapo wanajeshi wakongwe wa Vita vya Pili vya Dunia walipewa medali. Akiwa Ikulu alisema anasikitika sana na kwamba ukatili wa enzi za ukoloni hauna kisingizio. Msamaha rasmi hakuomba.

Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wahanga 5,228 wa mateso ya Hali ya Hatari pauni milioni 19.9. Wengine zaidi ya 40,000 walikwenda mahakamani London, na mwaka 2018 kesi yao ikatupwa, sababu mojawapo ikiwa kwamba muda mrefu mno umepita. Muda huo haukupita kwa kupenda kwao. Mzee aliyetoka Manyani akiwa hana shamba wala kazi angepata wapi ada ya wakili wa London? Madai yao yanastahili kusikizwa upya, na serikali yetu ndiyo ya kwanza kuyashikilia, maana ndiyo iliyomwandalia mfalme karamu Ikulu.