Kukariri Sio Kuelewa

Mwanachuo wa ualimu akiulizwa, "Ziwa Rukwa liko wapi?" atajibu upesi, "Liko katika Bonde la Ufa." Mtahini ataweka alama ya vema. Lakini je, ameelewa? Hapo bado hatujui. Huenda anafahamu, huenda amemeza maneno ya daftari kama kasuku.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Kamsamba. Mwanachuo wa leo ndiye mwalimu wa watoto wetu kesho. Akija na maneno yasiyo na maana kwake, darasa zima litabaki na maneno matupu.

SWALI LINALOPIMA

Tuchukue swali jingine. "Mto Momba huingiza maji matamu katika Ziwa Rukwa. Mbona maji ya ziwa yana magadi?"

Hapa aliyekariri atakwama. Aliyeelewa atakwenda hatua kwa hatua. Maji ya mto huleta chumvi kidogo sana iliyoyeyuka kutoka kwenye miamba na udongo. Ziwa Rukwa halina mto wa kutolea maji. Maji hupunguzwa na jua, yakawa mvuke. Mvuke hauchukui chumvi. Basi chumvi hubaki ziwani na kuongezeka.

Wazee wa Ivuna waliliona jambo hili kwa macho yao. Tangu karne nyingi walichemsha maji ya chumvi vyunguni. Maji yalikwenda hewani, chumvi ikabaki. Mwanachuo anayeweza kulinganisha ziwa na chungu cha Ivuna, huyo ameelewa.

TUSICHEKE MAJIBU YENYE MAKOSA

Hakuna mtu anayekuja darasani na kichwa kitupu. Mmoja atasema bonde letu lilichimbwa na mto. Mwingine atasema tetemeko huletwa na mnyama aliyebeba dunia. Mwalimu asiyeyajua mawazo hayo ni kama fundi anayepaka chokaa juu ya ukuta wenye ufa.

Huko Marekani, wataalamu Julie Libarkin na Steven Anderson walitengeneza mtihani kwa njia hii. Kwanza wanafunzi wa vyuo walihojiwa, na mawazo yao yenye makosa yakakusanywa. Kisha mawazo hayo yaliwekwa kati ya majibu ya kuchagua, pamoja na jibu la kweli. Mwaka 2002 na 2003 mtihani huo ulijaribiwa katika madarasa 43. Wapo walioendelea mbele baada ya masomo, lakini wengi walimaliza wakiwa bado na mawazo yao ya zamani. Kumbe kukaa darasani peke yake hakutoshi.

TETEMEKO LAWEZA KURUDI?

Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko kubwa la kipimo cha 7.4 lilitikisa eneo la Rukwa. Tarehe hiyo mtu yeyote anaweza kuikariri. Swali zito ni hili: laweza kurudi?

Anayeelewa atasema hivi: bonde letu lilitokea kwa sababu ardhi ilivutwa pande mbili, ikadidimia katikati. Mvutano huo bado unaendelea polepole. Miamba ikishindwa kuvumilia, huteleza ghafla. Kwa hiyo laweza kurudi, ingawa hakuna ajuaye siku. Mtu huyo atajenga kuta imara, wala hatapanga mawe mazito juu ya bati. Hapo elimu imeokoa maisha.

NJIA NNE ZA KUPIMA

1. Uliza kabla ya kufundisha, uulize tena baadaye. Linganisha majibu.

2. Kila jibu lifuate swali "kwa nini?"

3. Mwambie mwanafunzi achore. Achore milima, bonde, mto na ziwa, aonyeshe maji yanakoelekea. Mchoro hauwezi kuficha asichokijua.

4. Mpe jambo ambalo halimo daftarini. Kama ameelewa, atalifikiri mwenyewe.

Njia hizi hazidai fedha. Kijiti na vumbi la uwanjani vinatosha kuchorea. Hata sisi wanakisomo tunaweza kupimana vivyo hivyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Wakati wa mvua mto hubeba tope. Tope hilo limetoka wapi, na linaishia wapi?

2. Miti ya milimani ikikatwa yote, mashamba ya mpunga huku bondeni yatapatwa na nini? Kwa nini?

3. Mvua zikipungua kwa miaka kadhaa, magadi ya ziwa yatazidi au yatapungua? Eleza.