Tumpime Mchezaji, Tusiipime Simu Yake

Wengi waitazamapo sinema fupi ya dakika kumi na tano husahau kwamba ni kazi ya mikono ya watu. Usione vyaelea, vimeundwa. Hadithi ikisha kuandikwa, kazi kubwa inayofuata ni kuwachagua wachezaji; na kazi hiyo siku hizi hufanywa mara nyingi kwa simu ya video, mwongozaji akiwa mjini kwake na mwombaji akiwa mkoani kwake, kila mmoja akimtazama mwenzake katika kioo. Twapenda leo kulizungumza jambo hili, kwa kuwa ni jambo la ajira, na penye ajira haki haina budi kuwapo.

Hapana shaka njia hii ina manufaa makubwa. Sinema nyingi za nchi yetu hutengenezwa Dar es Salaam, na kutoka huko hadi Kigoma Reli ya Kati hupita kilomita zaidi ya 1,200. Kijana wa Kigoma aliyeitwa kwa majaribio ya dakika kumi alipaswa atafute nauli ya kwenda na kurudi, atafute pa kulala, na akiache kibarua chake kwa siku kadhaa. Na baada ya hayo yote huenda asichaguliwe. Wenye kutengeneza sinema fupi nao aghalabu hawana fedha za kumlipia. Kwa hiyo waliochaguliwa walikuwa wale wa karibu, na mvuvi wa Ziwa Tanganyika akaigizwa na mtu asiyepata kushika kasia. Tangu mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga vyumba vya majaribio katika nchi nyingi, simu ya video imeenea katika kazi hii, wala haikuachwa vyumba vilipofunguliwa.

Walakini ukuta mmoja ukibomolewa, mwingine waweza kujengwa mahali pake. Mwenye simu ya bei kubwa, bando la kutosha na chumba chenye mwanga huonekana vizuri na kusikika vizuri. Mwenye simu iliyopasuka kioo, akaaye chumba kimoja na wadogo zake, huonekana kama kivuli na sauti yake hukatika katikati ya neno. Mwongozaji asiyefikiri humchukua yule wa kwanza, akidhani amechagua kipaji, kumbe amechagua kipato.

Dawa ya jambo hili haihitaji fedha nyingi. Mwombaji apelekewe kurasa zake siku mbili kabla, pamoja na maelezo yaliyo wazi: simu aisimamishe mahali imara, usawa wa macho, uso uelekee dirishani, wala dirisha lisiwe mgongoni. Mtandao ukikatika, muda wake usihesabiwe. Apigiwe tena na aanze upya. Tena ifahamike kwamba sauti huchelewa kidogo njiani, na wawili wakisema pamoja hukatizana. Basi mtu asihukumiwe kuwa mzito kwa sababu jibu lake limechelewa kufika. Na maadamu kioo huonyesha uso na mabega tu, aombwe arudi nyuma, asimame na kutembea, ili mwili wake wote uonekane.

Lililo kubwa kuliko yote ni hili: aombwe kukirudia kipande kilekile kwa namna nyingine. Ikiwa mara ya kwanza alikisema kwa hasira, na akiseme sasa kwa unyonge, kama mtu anayeficha machozi. Hapo ndipo ajulikanapo mchezaji asikiaye maelekezo na kuyageuza kuwa uhai. Uwezo huo hauuzwi dukani pamoja na simu, nao huonekana hata katika picha yenye ukungu.

Liko na jambo la hatari ambalo hatuwezi kulinyamazia. Simu ya video humwingiza mgeni chumbani mwa mtu. Wapo watu wapigao simu usiku, peke yao, wakamtaka binti avue nguo ati waone umbo lake kwa ajili ya sinema. Hayo si majaribio. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, ilifanya kuwa kosa la jinai kwa mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe kazi. Basi majaribio yafanywe saa za kazi, yasimamiwe na watu wasiopungua wawili, na picha zisihifadhiwe bila idhini ya mwombaji. Naye amwombaye mtafuta kazi ada ya majaribio, twamhesabu kuwa tapeli.

Wafanyakazi wenzetu wa Marekani wametuonyesha kwamba mambo haya yaweza kupatanwa kwa umoja. Chama cha wachezaji, SAG-AFTRA, kiligoma tangu tarehe 14 Julai hadi tarehe 9 Novemba, 2023. Miongoni mwa madai yao yalikuwamo masharti ya majaribio ambayo mchezaji hujipiga picha nyumbani na kuipeleka. Mkataba uliofuata uliweka kikomo cha kurasa 8 kwa jaribio la kwanza, na ukakataza mwombaji kutakiwa avue nguo.

Nasi twawaomba waongozaji wetu waandike masharti yao na kuyatangaza kabla ya kupiga simu ya kwanza, na wale wasiochaguliwa wapewe jibu, wasiachwe wakingoja. Vijana nao wasione haya kuuliza: nani atakuwapo, picha itahifadhiwa wapi, malipo ni kiasi gani. Aulizaye hivyo hajaleta kiburi. Ameanza kuijua thamani ya kazi yake.