Kazi Imekwisha, Ujuzi Umebaki

Ndugu msomaji, tuseme umefanya kazi miaka 20 katika kampuni moja kubwa. Asubuhi moja unaitwa ofisini. Unaambiwa kazi zimepungua, na wewe ni mmoja wa wanaoondoka. Unapanda basi kurudi Mkuu na sanduku lako. Je, utafanya nini?

Mimi ni bwana shamba. Watu wa namna hii huja kwangu kwanza, kwa sababu wanadhani jibu ni shamba. Mara nyingi shamba peke yake si jibu.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Jumuiya ile ilikuwa na mashirika makubwa ya reli, bandari, posta na simu, na ndege. Mashirika hayo yalipogawanyika, wafanyakazi wengine walichukuliwa na mashirika mapya ya nchi yetu. Wengine walirudi nyumbani. Sisi wa Rombo tuko mpakani. Mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka ule ule wa 1977, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Basi hata aliyetaka kuvuka kutafuta kazi upande wa pili hakuwa na njia.

Na malipo yao? Mwaka 1984 nchi tatu zilitia sahihi mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya. Wazee wetu bado waliendelea kudai. Mwaka 2003 walifungua kesi. Mwaka 2005 walipatana na Serikali juu ya malipo. Hesabu mwenyewe. Tangu 1977 hadi 2005 ni miaka 28. Wengine walikufa wakingoja.

Nilipoanza kazi nilimkuta mzee mmoja aliyekuwa fundi katika karakana ya reli. Aliniambia kwamba mwaka wa kwanza alikaa tu nyumbani. Kila aliyemsalimu alimjibu, "Nangoja barua."

Siku moja mashine ya jirani ya kumenyea kahawa ilikwama. Kahawa mbivu ilikuwa imejaa madebe. Wewe mkulima unajua kwamba kahawa mbivu haingoji. Ikilala bila kumenywa huanza kuchacha, na bei hushuka. Mzee aliifungua ile mashine, akatengeneza bati lililochakaa, akaifunga tena. Ikazunguka. Kesho yake zililetwa mashine mbili. Msimu uliofuata alikuwa na kibanda chake na vijana wawili wa kumsaidia.

"Barua niliendelea kuingoja," aliniambia, "lakini niliingoja nikiwa kazini."

Mzee yule alikuwa akijiita mtu wa reli. Hapa Mkuu hakuna reli. Siku alipojiita fundi wa mashine, kazi ilionekana.

Mwaka jana alikuja mama mmoja ofisini kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bwana shamba. Nimekuja unipe miche ya kahawa. Kazi imekwisha."

Nilimuuliza alikuwa akifanya kazi gani. Akasema, "Nilikuwa mpishi tu."

Neno hilo "tu" silipendi. Nilichukua daftari, nikamwomba anieleze kazi yake tangu asubuhi hadi jioni. Tuliandika hivi: anapikia watu 300, na chakula kinatoka kwa wakati. Anajua kukadiria mchele na maharage bila kupunguza wala kutupa. Anatunza daftari la stoo. Anafundisha wapishi wapya. Kazi hiyo ameifanya miaka 16. Aliposomewa alicheka, akauliza, "Huyo ni mimi?"

Alikwenda shule moja ya bweni, wakamkataa. Ya pili walimtaka alete cheti, naye hajawahi kusoma chuo. Hapo wengi hukata tamaa. Lakini VETA, mamlaka yetu ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwapima watu waliojifunzia kazi mikononi. Ukifaulu unapewa cheti. Mama alipimwa. Leo anapika katika shule ile ya pili. Mshahara ni mdogo kuliko wa zamani, siwezi kukudanganya, ila analala nyumbani kwake.

Sasa nitakuambia habari za karatasi, maana wengi huondoka kwa hasira na kuziacha. Kabla hujapanda basi, dai cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe. Kinaonyesha ulifanya kazi gani na kwa muda gani. Chukua pia taarifa ya michango yako ya NSSF.

Sheria hiyo inataja na kiinua mgongo. Ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na hesabu huishia miaka 10. Tuseme mshahara wako wa siku moja ni shilingi 10,000 na umefanya kazi miaka 20. Utahesabiwa miaka 10. Hizo ni siku 70, yaani shilingi 700,000. Aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu hapati. Ukiona umeachishwa bila haki, peleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usizidishe siku 30.

Fedha hiyo ina ndugu wengi. Utawasikia wakibisha hodi hata kabla hujafungua sanduku.

Na shamba je? Silikatai, ndiyo kazi yangu. Lakini vihamba vyetu vimegawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka vimekuwa vidogo sana. Na mche wa kahawa ukiupanda leo, hutaona mavuno ya maana kabla ya mwaka wa tatu. Miaka hiyo mnakula nini? Nimemwona mtu aliyemaliza kiinua mgongo chote kwa miche na samadi. Mwaka wa pili aliuza jembe.

Mama yule nilimpa miche pia. Alitaka 200, nikampa 20, ya kupanda katikati ya migomba yake. Huipalilia Jumamosi, akitoka shuleni.