Vitesi inakataa kuingia: tubadilishe levye ao hapana?

Shofere anapanda mulima, anataka kutia vitesi ya pili, levye inakataa. Anasukuma, gari inalia krrr. Mwenzake, levye yake inacheza-cheza kama kijiko mu kikombe. Wote wawili wanawaza jambo moja: kununua levye mpya, ile fupi yenye madereva wa mashindano wanapenda. Je, makuta hayo yatapotea bure?

Ndugu musomaji, tujue kwanza levye inafanya kazi gani. Inasukuma tu vyuma ao kable zinazofika mu bwati ya vitesi. Kazi yenyewe iko mbali na mkono wako: ambreyaji inatenga motere na bwati, kisha pete ndogo zinazoitwa sinkro, mara mingi za shaba, zinalinganisha mwendo wa meno mbele yashikamane.

Levye fupi inapunguza safari ya mkono, basi. Ni kama baramina: ukiishika karibu na jiwe, mkono unatembea kidogo lakini inaomba nguvu mingi. Kwa hiyo vitesi yenye ilikuwa ngumu itazidi kuwa ngumu.

Mbele ya kununua, fanya jaribio hili. Gari isimame pahali sawa, freni ya mkono ifungwe, motere izimwe. Ingiza vitesi zote. Kisha kanyaga ambreyaji mpaka chini, washa motere, jaribu tena bila kuachilia mguu.

Kama zinaingia vizuri wakati motere imezimwa, lakini zinakataa ikiwaka, mara mingi mgonjwa ni ambreyaji. Pengine mafuta yake yamepunguka, hewa imeingia, ao kable imelegea.

Kama ni ngumu hata motere ikiwa imezimwa, fundi aangalie kable na vyuma vya levye, kisha bwati.

Kama inalia krrr kwa vitesi moja tu, mara mingi ni sinkro ya vitesi ile.

Kama levye inacheza tu, vile vipande vya plastiki ao mupira vinavyoishika vimekwisha. Hapo kubadilisha kunafaa kabisa, lakini badilisha vipande hivyo, hapana levye nzima.

Usisahau mafuta ya bwati: yawe ya kutosha, na ya aina yenye kitabu cha gari kinaomba. Kitabu kikisema GL-4, usitie GL-5 ovyo, juu dawa iliyo ndani ya mengine inaweza kula shaba ya sinkro.

Wanaoshuka Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, wanajua hii haiko mchezo. Mu mteremko, vitesi ya chini ndiyo inasaidia freni. Vitesi ikiruka yenyewe na kurudi pwamo, motere haizuii gari tena, uzito wote unabakia juu ya freni. Freni ikipata moto sana, inapoteza nguvu. Levye mpya haiponyi ugonjwa huo. Gari ya namna hiyo ipelekwe garaji mbele ya kubeba abiria tena.

Basi, levye fupi ni ya mutu mwenye gari nzima na pesa ya kujipendeza. Wewe unayetafuta mukate kwa gari, anza na ambreyaji, mafuta na vile vipande vidogo. Levye ya zamani itakutumikia bado.