Je, Wajua? Yaliyo Nyuma ya Filamu "Leaving Las Vegas"

Je, wajua kwamba filamu hii ya Marekani ya mwaka 1995 ilitokana na riwaya ya mtu aliyeujua ulevi kwa mwili wake mwenyewe? John O'Brien aliichapisha mwaka 1990. Aprili 1994, muda mfupi baada ya kujua kwamba kitabu chake kitafanywa filamu, alijiua akiwa na miaka 33. Baba yake alisema riwaya hiyo ndiyo iliyokuwa barua ya mwanawe ya kuaga.

Je, wajua kwamba baadhi ya picha za barabara kuu ya Las Vegas zilipigwa bila kibali? Fedha zilikuwa chache, karibu dola milioni 4, hivyo mwongozaji Mike Figgis alitumia kamera ndogo ya milimita 16. Muziki pia aliutunga mwenyewe, na tarumbeta akapuliza.

Je, wajua kwamba Nicolas Cage, aliyeigiza kama mlevi Ben, alirekodiwa akiwa amelewa kweli ili ajifunze jinsi ulimi wa mlevi unavyoteleza? Machi 1996 alipata tuzo ya Oscar. Elisabeth Shue, aliyeigiza kama Sera, mpenzi wa Ben, aliteuliwa kuwania ya kwake.

Je, wajua kwa nini Ben, akiwa benki, anashindwa kutia saini mpaka kwanza akanywe? Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Ikinywewa kila siku, ubongo nao hujichochea zaidi ili kushindana nayo. Ikikatika ghafla, uchochezi hubaki peke yake: mikono hutetemeka, jasho humtoka mtu, na wengine hupatwa na degedege au kuona yasiyokuwepo. Hali hiyo huweza kuua. Ndiyo maana anayezimua kila asubuhi hapaswi kufungiwa chumbani aache kwa nguvu. Aachishwe chini ya uangalizi wa daktari.

Je, wajua sharti la mapenzi ya Ben na Sera? Ben anamtaka Sera asimwambie kamwe aache pombe. Sera anakubali, hata anamzawadia kichupa cha kubebea kileo. Anamvumilia, anamuuguza, anamlaza. Siku anapomsihi aende kwa daktari, Ben anakataa na kusema afadhali ahame. Sera alimpa kila alichokuwa nacho, ila neno hilo la daktari alilitoa kwa kuchelewa. Kama unaye umpendaye ambaye mkono wake hautulii asubuhi mpaka anywe, mwambie leo aende kwa daktari.