Antivairasi ya Kompyuta ya Nyumbani: Ulipe Nani, Ulipe Ngapi, na Lini Usilipe Kabisa

Umenunua laptopu ya "ex-UK" mjini. Fundi amekuwekea Windows, amekuwekea programu za kuandikia, halafu anakuuliza, "Nikuwekee na antivairasi? Mia tano tu." Unamtumia mia tano kwa namba yake, unaona alama ya kijani kwenye skrini, unaenda nyumbani roho ikiwa imetulia. Lakini hebu tuulizane: hapo umenunua nini hasa?

Tunauliza kwa sababu wateja wetu wengi hawaishii kwenye simu. Mwenye duka hufungua ripoti za mauzo ya tili yake kwenye kompyuta. Hapo hapo ndipo anapoingia iTax, eCitizen na imeli. PIN yako haiko kwenye kompyuta, ni kweli, lakini karibu kila kitu kingine kiko huko. Na kuna virusi ambavyo kazi yao ni moja tu: kuiba paswadi ulizohifadhi kwenye kivinjari, pamoja na vidakuzi, yaani vile vifaili vinavyokuacha ndani ya akaunti bila kuulizwa paswadi tena. Mwizi akishika imeli yako, anaweza kubadilisha paswadi za akaunti zingine zilizounganishwa nayo. Akiona ripoti zako, anajua umelipwa na nani, ngapi na lini. Mtu anayejua hayo akikupigia akijifanya ni sisi, ni rahisi sana kumwamini.

Kwa hivyo antivairasi si mapambo. Tuangalie jinsi ya kuichagua na kuilipia bila kuliwa.

Kwanza, angalia ulichonacho tayari

Kama kompyuta yako ina Windows 10 au 11, imekuja na antivairasi ya Microsoft inayoitwa Defender. Ni ya bure, haina leseni ya kununua kando. Tafuta "Windows Security" kwenye menyu ya Start, uifungue, uone kama ulinzi umewashwa na kama apdeti ni za hivi karibuni. Kwa mtu wa matumizi ya kawaida nyumbani, anayeweka apdeti na asiyepakua vitu ovyo, hiyo inaweza kutosha kabisa.

Lakini kuna jambo moja. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi za mtumba bado zina Windows 10. Antivairasi, hata ya bei gani, haiwezi kuziba mashimo ya Windows yenyewe. Kabla ya kulipia ulinzi, muulize muuzaji kama mashine inakubali Windows 11. Wakati mwingine hapo ndipo pesa yako inafaa kwenda kwanza.

Na usiweke antivairasi mbili kwa pamoja. Ni kama kuajiri soja wawili wasiojuana: watashinda usiku wakikamatana wao kwa wao, na mwizi apite. Ukiweka ya kampuni nyingine, kwa kawaida Defender hujiweka kando yenyewe.

Ya kulipia inaongeza nini?

Mara nyingi unalipia vitu vya ziada: kudhibiti wanachotazama watoto, kuhifadhi paswadi, VPN, na leseni moja inayofunika kompyuta na simu za familia. Kama hutavitumia, usivilipie. Ukitaka kulinganisha uwezo wa kukamata virusi, angalia matokeo ya maabara huru kama AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria. Wao hupima programu nyingi na kuchapisha matokeo bure mtandaoni.

Za bure za kampuni zingine nazo zipo, lakini soma masharti. Matoleo mengi ya bure yanaruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani peke yake, si ya saiba wala duka. Pia jiulize kampuni inapata pesa wapi. Februari 2024, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5 kwa sababu ya kuuza data za tovuti ambazo watumiaji wake walitembelea. Hiyo haimaanishi kila cha bure ni kibaya. Inamaanisha uingie kwenye mipangilio na uzime kile usichotaka kushiriki.

Leseni ni nini, na ya mia tano ina shida gani?

Leseni ni ruhusa ya kutumia programu kwenye idadi fulani ya vifaa kwa muda fulani. Kabla ya kulipa, pata majibu haya manne:

1. Ni ya vifaa vingapi? Tuseme leseni ya kifaa kimoja ni Ksh 1,200 na ya vifaa vitatu ni Ksh 2,400. Ya pili ni Ksh 800 kwa kila kifaa, lakini ni nafuu tu kama kweli una vifaa vitatu.
2. Ni ya muda gani, na siku zinaanza kuhesabiwa lini?
3. Inakubali kutumika Kenya? Baadhi ya leseni hufungwa kwa nchi au eneo fulani.
4. Mwaka wa pili ni bei gani? Bei ya kwanza mara nyingi ni ya kuvutia wateja, halafu inapanda.

Sasa turudi kwa ile ya mia tano. Huenda fundi alikugawia nafasi moja kwenye leseni yake ya vifaa vitano. Hapo akaunti ni yake, na anaweza kukuondoa siku yoyote. Au ameweka programu iliyovunjwa, yaani "crack". Hii ndiyo hatari zaidi, kwa sababu ili ifanye kazi mara nyingi unaambiwa uzime ulinzi kwanza. Umemfungulia mgeni mlango, halafu ukamkabidhi kazi ya kulinda nyumba.

Leseni halali huwa na namba yako mwenyewe, na unaiwasha kwa akaunti iliyofunguliwa kwa imeli yako.

Ukifika kwenye kulipa

Nunua kwenye tovuti ya kampuni yenyewe au kwa muuzaji anayetambuliwa na kampuni hiyo. Lipa kwa tili au Paybill ya biashara, usome jina kabla ya kuweka PIN, kisha utunze ujumbe wa malipo pamoja na risiti. Ukilipa kwa kadi mtandaoni, angalia kama umekubali malipo ya kujirudia. Kama hutaki, yazime siku hiyo hiyo kwenye akaunti yako. Usingoje mwaka uishe.

Ukipata imeli kwamba "leseni yako imelipiwa upya kwa dola 399, piga namba hii kughairi," usipige. Watakuomba uweke programu ya kuwaruhusu kuingia kwenye kompyuta yako. Ingia mwenyewe kwenye akaunti yako ya antivairasi uangalie.

Na kama tayari uliweka ya kuvunjwa?

Usione aibu, si wewe peke yako. Toa kompyuta kwenye intaneti. Chukua simu au kifaa kingine salama, ubadilishe paswadi ukianza na imeli, na uchague kutoka kwenye vifaa vyote vilivyoingia. Kisha ondoa programu hiyo na ufanye uchunguzi wa Defender unaoitwa "offline scan". Ukiwa bado na wasiwasi, hifadhi faili zako na uwekewe Windows upya. Kama ulikuwa unafungua akaunti yako ya biashara kwenye mashine hiyo, tupigie kupitia namba iliyo ndani ya apu yetu.

Mwisho, tuwe wakweli: hakuna antivairasi inayoweza kukuzuia kutuma pesa kwa tapeli uliyemwamini. Hiyo kazi bado ni yako. Sisi hatutakuomba PIN kamwe, iwe kwa simu, kwa ujumbe au kwa imeli.